Mama anakunywa mhumba na magadi kwa ajili ya tumbo. Kipi kinasaidia kweli?

BintiMvumi

Mbukwenyi ndugu zangu, na shikamooni wote mlionizidi umri.

Naomba msaada wa wanaozijua dawa zetu za asili, iwe kwa kuzisomea au kwa kuzitumia wenyewe. Ninaishi Dodoma mjini, Nkuhungu, kazi yangu ushonaji. Mama yangu yuko Mvumi, ana miaka 63, na bado analima uwele na karanga kwa mkono wake. Tangu tumalize kuvuna tumbo halimpi raha. Akila matonge matatu anasema ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma. Chini ya chembe cha moyo panawaka. Usiku anacheua maji machungu mpaka analala ameegemea mto.

Hospitali hataki kuisikia. Anajitibu mwenyewe, na kwa kuwa nilikaa naye wiki nzima mwezi uliopita nimeona kila kitu kwa macho yangu. Asubuhi ni mhumba. Anaukwangua mzizi kwa kisu mpaka udongo wote utoke, anaukata vipande vya urefu wa kidole, anauchemsha kwenye sufuria yake iliyokatika mkono hadi maji yawe mekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Anakunywa nusu kikombe kabla hajatia kitu kinywani. Jioni ni magadi, haya haya tunayoweka kwenye mlenda. Anachukua kibonge kama punje ya hindi, anakiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, anapiga funda mbili tatu. Haipiti dakika anabeua kwa nguvu, anashusha pumzi, anasema, "Haya, gesi imetoka." Anapata usingizi.

Wiki iliyopita jirani kamletea chupa ya unga wa kijani. Chupa ya maji ya dukani, haina karatasi, haina jina, shilingi 5,000. Muuzaji kasema ni majani ya aina ishirini na moja na yanamaliza vidonda vya tumbo moja kwa moja. Mama ameshaanza kuunywa.

Mdogo wangu wa kiume anasema mambo yote hayo ni uchafu na yaachwe. Mimi siwezi kusema hivyo. Mhumba ndio tuliopewa tukiwa wadogo tumbo likisokota, na tulipona. Lakini naogopa pia, kwa sababu safari hii nafuu haikai. Ninachotaka kujua ni hiki: kuna mti wowote kati ya hii uliopimwa kwa watu ikaonekana unasaidia kuvimbiwa na kiungulia? Na ule unga niuache au nimnyang'anye?

MzeeKibaigwa

Marahaba binti yangu. Pole na uguzi.

Mimi tumbo lilinitesa miaka mitano, nikiwa bado naendesha lori la mahindi kutoka hapa Kibaigwa. Chakula cha njiani, kula saa nane usiku, halafu unalala kwenye kiti. Nilimaliza vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hadi nikavichoka. Kilichonisaidia ni mwarobaini. Nachuma majani mabichi kiganja kimoja, nachemsha, nakunywa glasi moja asubuhi siku saba, napumzika. Uchungu wake usiusikie kwa mwingine, lakini kiungulia kilikatika. Na tangawizi naitafuna mbichi nikiona chakula kimekaa.

Mpe mama mwarobaini, na alovera pia, kata jani ukamue maji yake kwenye glasi. Huu unga usio na jina mimi singeugusa.

TabibuMpwapwa

Dada BintiMvumi, pole sana. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi Mpwapwa na vijiji vyake miaka kumi na minane, na bibi yangu mzaa baba alikuwa mkunga na mjuzi wa mizizi. Dawa za nyumbani sizidharau. Ila kabla sijazizungumzia, naomba umuulize mama mambo kadhaa leo leo kwa simu.

La kwanza ni choo. Usimuulize "choo kikoje", atakwambia hakijambo na mazungumzo yataisha. Muulize kama kimekuwa cheusi kama lami, kinachonata na kung'aa, chenye harufu asiyoizoea. Hiyo huwa ni damu iliyomwagika tumboni ikageuzwa rangi na tindikali. (Vidonge vya kuongeza damu navyo huleta weusi, kwa hiyo ulizia kama anavimeza.) Halafu uzito. Wewe ni fundi nguo, vipimo vyake unavyo kwenye daftari, kwa hiyo mpime tena. Je, chakula kinakwama anapomeza? Anatapika? Anahema akipanda kamlima alikokuwa akipanda bila shida? Je, kule kuwaka kunakuja akitembea na kukoma akipumzika? Kama ndivyo, huenda ni moyo, siyo tumbo.

Na hili ndilo ninalokuomba ulifuatilie kuliko yote: anameza dawa gani ya maumivu? Wazee wetu hawaiiti dawa ya maumivu. Wanaiita dawa ya miguu, dawa ya mgongo, dawa ya baridi. Ukimuuliza "unatumia dawa gani" atakujibu hatumii, kwa sababu kwake ile ya miguu haihusiani kabisa na tumbo. Muombe akuonyeshe karatasi zake.

Sasa mitishamba.

Tumbo ni kiungo kigumu kukifanyia utafiti kwa sababu mara nyingi hutulia lenyewe. Mwaka 1989 watafiti wa Thailand waliwapa wenye kuvimbiwa binzari manjano, na wengine wakapewa vidonge vinavyofanana visivyo na dawa ndani, bila wagonjwa kujua nani kapata kipi. Waliopewa binzari, 87 katika kila 100 walipata nafuu. Waliopewa vidonge vitupu walikuwa 53 katika kila 100. Binzari ilishinda, na ushindi wake ni wa kweli. Lakini itazame ile 53. Zaidi ya nusu walipata nafuu kwa kidonge kisicho na kitu! Ndiyo maana mtu akiniambia "nilikunywa mti fulani nikapona" simwiti mwongo hata kidogo. Nafuu aliipata. Nisichoweza kujua kwa maneno yake peke yake ni kama mti ndio ulioileta.

Binzari hiyo hiyo ilipimwa tena huko huko Thailand, matokeo yakatoka 2023. Wagonjwa 206 wasio na kidonda waligawanywa makundi matatu: wengine dawa ya binzari, gramu 2 kwa siku, wengine omeprazoli (dawa ya kupunguza tindikali), wengine vyote viwili, kwa siku 28. Nafuu ya makundi yote ilifanana. Ni habari nzuri kwa binzari, ila safari hii hapakuwa na kundi la kidonge kitupu, kwa hiyo hatujaoneshwa wangapi wangepona bila chochote. Na gramu 2 zile ni za kiini kilichotolewa kwenye binzari. Kijiko chetu cha mchuzi hakifikishi kiasi hicho.

Tangawizi inaharakisha chakula kutoka tumboni. Hilo limepimwa Taiwan kwa watu wazima wa afya 24, na baadaye kwa wagonjwa 11 wa kuvimbiwa mwaka 2011. Kwa wale 11, nusu ya chakula ilitoka kwa dakika 12 hivi badala ya 16. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, hawakuona tofauti. Bado mimi mwenyewe ninaitumia, kipande kama kifundo cha kidole, nikiwa nimekula pilau la harusi. Kwa mwenye kuvimbiwa tu haina shida. Kwa mwenye kiungulia inaweza kuongeza moto.

Mzee wangu wa Kibaigwa, shikamoo. Mwarobaini una ushahidi wake, ila siyo wa majani. Wahindi mwaka 2004 walitoa dondoo la gome, wakawapa watu miligramu 30 mara mbili kwa siku, na baada ya siku kumi tindikali ya tumbo ilikuwa imepungua kwa asilimia 77. Hicho ni kipimo kikubwa na mimi kilinishtua nilipokisoma. Hata hivyo walikuwa watu wachache, na gome lililotayarishwa maabara halifanani na kiganja cha majani kilichochemshwa. Majani yale hushusha sukari, na mama mjamzito hapaswi kuyagusa. Mafuta yake ndiyo mabaya zaidi. Malaysia watoto walifikishwa hospitalini mahututi kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

Alovera naomba uiondoe kabisa kwenye orodha. Ukikata jani, chini tu ya ganda hutoka utomvu wa njano mchungu, nao ni wa kuharisha, tena kuharisha kwa kusokota. Ukikamua jani zima kwenye glasi umekamua na huo. Kwa mama wa miaka 63 asiyekula vizuri, hilo ni la kumwangusha.

Magadi yanafanya kazi, na ninataka uelewe yanavyofanya. Ni chumvi ya sodiamu yenye kabonati. Ikikutana na tindikali tumboni, tindikali inapungua nguvu papo hapo na inazaliwa hewa, ile ile inayotoka kwenye soda. Ndiyo anayobeua. Gesi anayosema imetoka imetengenezwa na magadi yenyewe dakika hiyo hiyo. Nafuu ni ya saa moja au mbili, sodiamu inabaki mwilini, na kwa mwenye presha ni mzigo.

Mhumba ni wa ukoo mmoja na sanamaki, ule mmea wa kulainisha choo. Maabara umeonyesha kuua baadhi ya bakteria, na sishangai kwamba wazee waliuthamini. Ushahidi wake mwingi unaishia kwenye chupa za maabara.

Unga wa kijani mwambie mama auweke kando leo. Usimnyang'anye, mwombe. Mzazi hanyang'anywi.

Na hili neno "vidonda vya tumbo". Hapa kwetu kila anayewaka chembe cha moyo anasema ana vidonda. Wengi wao wakipigwa kamera, ile inayopitishwa kinywani hadi tumboni, hakionekani kidonda chochote. Ni tumbo linalosumbua bila jeraha, na hao ndio tangawizi na binzari zinaweza kuwafaa. Wachache wana kidonda kweli. Cha kusikitisha ni kwamba makundi haya mawili yanalalamika kwa maneno yale yale. Ndiyo maana nimeanza na maswali.

MkwajuniKondoa

Salaam. Mimi ninauza dawa za asili Kondoa, kazi niliyoachiwa na baba, na nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa mujibu wa sheria ya 2002. Nimemsoma tabibu na sina ugomvi naye, ila kuna jambo nataka kuliweka sawa. Mti kutopimwa na watafiti hakumaanishi haufanyi kazi. Kupima kunahitaji fedha, na nani atatoa fedha apime mzizi ambao kesho kila mtu atauchimba mwenyewe porini? Muhimbili walianza kitengo cha kuchunguza dawa hizi tangu 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Kazi wanaifanya. Lakini miti ni mingi na wao ni wachache.

Nikirudi kwa dada. Baba yangu mgonjwa wa tumbo hakumpa kitu kabla ya kukaa naye. Alimuuliza: umekula nini, nani mwingine nyumbani anaumwa, ilianza kabla ya mavuno au baada, damu umeiona? Akisikia damu, au manjano machoni, alimwambia wazi, "Huyu siyo wangu, mpelekeni." Mwaka 2016 mimi nililikumbuka sana neno hilo. Watu wa Kondoa, Chemba na Kiteto walianza kuumwa tumbo, kutapika, macho yakawa ya njano, na ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Watu ishirini walifariki. Hakuna mzizi wangu hata mmoja ambao ungewafaa wale.

Ndiyo maana siuzi unga. Ninauza mzizi mzima wenye ganda lake, mnunuzi aushike, aunuse, amwonyeshe mama yake. Unga hauna sura. Ukitunzwa na unyevu unaota ukungu ule ule unaoingia kwenye mahindi. Na katika nchi nyingi zimekamatwa dawa za "asili" zilizosagiwa ndani yake vidonge vya hospitali, vya maumivu na vya aina ya steroidi, ili mgonjwa aone nafuu ya haraka arudi kununua. Muulize huyo jirani unga katoa kwa nani. Dawa iliyosajiliwa ina jina, ina namba, na mwenyewe anajulikana anapokaa.

Kwa mhumba wa mama, kama amekuwa akiunywa miaka yote bila shida na sasa nafuu haikai, mti haujabadilika. Kilichobadilika ni ugonjwa.

BintiMvumi

Asanteni sana. Nimechelewa kurudi, wiki tano, na nitaeleza kwa nini.

Siku ile ile nilimpigia mama. Alinijibu kama tabibu alivyosema: choo kizuri, dawa hatumii. Sauti yake haikunituliza, Jumamosi nikapanda gari asubuhi nikaenda. Nilibeba futi yangu ya kushonea na kitambaa, nikamwambia nataka kumshonea gauni. Desemba nilimpima kiuno inchi 36. Jumamosi ile futi ilikomea 32. Nikapima mara ya pili nikidhani nimevuta sana.

Tukakaa jikoni. Nikamuuliza dawa ya miguu iko wapi. Akanyoosha mkono nyuma ya kibuyu cha mbegu bila wasiwasi wowote, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani zilikuwa karatasi sita za diklofenaki, tano tupu na moja nusu. Anameza asubuhi na jioni tangu wakati wa kuvuna, kwa sababu ya magoti. Alipewa kwenye duka la dawa, akaambiwa zikiisha arudi, na akarudi. Nikamwambia, mama, hukunitajia hizi. Akanitazama kwa mshangao: "Uliniuliza ya tumbo, hii ni ya magoti."

Habari ya choo nilipomweleza ile ya lami alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona ni siku nyingi?" Alidhani ni mhumba umemsafisha.

Tulimleta mjini jioni hiyo hiyo. Wingi wa damu ulikuwa 7.1. Aliongezewa chupa mbili, moja ya mdogo wangu, yule yule aliyekuwa akigomba juu ya mizizi. Walipompiga kamera walikuta kidonda kimoja cha tumbo, na pembeni yake michirizi mingi midogo. Wakakata kinyama wakapeleka maabara. Kipimo kikaonyesha pia ana vijidudu vya H. pylori, bakteria wanaoishi tumboni na kuleta vidonda. Siku tatu za kusubiri majibu ya kinyama sikuweza kushika mkasi. Majibu yakatoka: si saratani.

Amepewa dawa za kuua vijidudu siku 14, na omeprazoli wiki nane. Diklofenaki imekatazwa. Siku 14 zimekwisha, analala bila mto wa kuegemea, ila magoti yamerudi juu kwa maumivu na ananiuliza atumie nini. Tena ana maswali mawili ameniambia niwaulize ninyi: je, mhumba ameuaga? Na mlenda bila magadi ataulaje?

TabibuMpwapwa

Alhamdulillahi, na ahsante kwa kurudi kutueleza. Kusema kweli nilikuwa nafungua hapa kila jioni kuangalia kama umejibu.

Kuhusu diklofenaki: tumbo lina ute unaolikinga lisijichome na tindikali yake lenyewe. Dawa za jamii ile, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoutunza ute huo. Na kwa kuwa zinaondoa maumivu, kidonda kinaweza kuchimba na kutoa damu bila mtu kusikia maumivu makubwa. Kwa mama vijidudu navyo vilikuwa vinakula upande wa pili. Zamani sisi wa afya tulifundishwa kwamba vidonda vinatokana na pilipili na mawazo. Ni Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walioonyesha miaka ya themanini kwamba vijidudu hawa ndio chanzo kikubwa. Marshall aliwanywa mwenyewe mwaka 1984 ili athibitishe, akaugua tumbo. Walipewa Nobel mwaka 2005.

Magoti: parasetamo, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na kwa umri wake aanze na sita. Kitambaa cha maji ya moto. Akae kwenye kigoda anapopepeta, asichuchumae. Dawa yoyote mpya ya "miguu" akuonyeshe kwanza.

Hakikisheni vijidudu vimeisha. Kipimo cha choo kifanyike baada ya kumaliza omeprazoli na kukaa bila hiyo wiki mbili kamili, vinginevyo kinaweza kusema hakuna kumbe wapo. Kipimo cha damu msikubali, huendelea kuonyesha wapo hata baada ya kupona.

Mhumba autue hadi kidonda kifunge na kipimo kitoke safi. Binzari kwenye mchuzi, tangawizi kidogo kwenye chai, sina pingamizi. Magadi ya kunywa aache. Yale ya mlenda, presha yake ikiwa sawa, aweke ya kushika kwa ncha za vidole viwili kwenye chungu kizima, siyo kibonge.

MkwajuniKondoa

Mama apone. Mwambie magadi akitaka kuyaacha kabisa, mlenda wa kukausha unavutika hata bila hayo ukiupika kwa moto mdogo na kuupekecha vizuri. Mke wangu anaupika hivyo tangu alipoambiwa ana presha, anaweka karanga iliyosagwa mwishoni. Sikuona tofauti baada ya wiki ya kwanza.

Na ule unga wa kijani uliishia wapi?

BintiMvumi

Unga nilimwomba, kama mlivyonielekeza, akanipa mwenyewe. Tuliufukia kwenye shimo la taka. Jirani tulimweleza kwa upole, kumbe mume wake naye alikuwa anaunywa, na yeye choo chake ni cha lami. Wamempeleka juzi.

Mlenda wa karanga nimempikia jana usiku, amekula matonge saba, nimeyahesabu.

Gauni nimelimaliza. Nimelishona kwa kiuno cha inchi 32, lakini kitambaa sikukikata. Nimekunja inchi mbili kila upande kwa ndani na kushika kwa uzi mwepesi, ili nikimpima tena Desemba niachie.